Majumba Mawili, Mto Mmoja: Sanaa ya London Itazamwapo kutoka Majini

Mwaka 2003 majumba mawili ya sanaa ya London, Tate Britain lililoko Millbank na Tate Modern lililoko Bankside, yaliunganishwa kwa boti. Gati jipya lilijengwa mbele ya jumba la kwanza, na boti ya abiria ikapambwa vidoa vya rangi kwa ubunifu wa msanii Damien Hirst, ili mtu aliyekwisha kutazama picha za karne zilizopita apande, akae dirishani, ateremke baada ya muda mfupi, kisha aingie kutazama za zama zetu. Tangu hapo safari hiyo imekuwa miongoni mwa mambo wanayopendekezewa wageni wa mji ule: nusu siku ya picha, nusu siku ya mto. Wengi huisifu kwa sababu moja, kwamba miguu hupata kupumzika.

Nakusudia kuihakiki safari hiyo kwa namna tunavyoihakiki diwani. Diwani ina mashairi, lakini pia ina mpangilio, na shairi lililowekwa la tatu husomeka vingine likiwekwa la kumi. Hoja yangu ni kwamba mto ule ni chumba kikubwa kuliko vyote vya majumba yale, na picha nyingi zilizotundikwa humo hazisomeki barabara mpaka mtazamaji awe amekaa juu ya maji yaliyozizaa. Ninayo na hoja ya pili, nayo ni chungu zaidi: jumba la sanaa na msimulizi wa boti ya matembezi wana tabia moja, ya kuonyesha chombo na kunyamazia shehena. Nawaandikia hasa wale wasomaji wetu, nao ni wengi siku hizi, wenye watoto au ndugu Uingereza, ambao wakenda kuwazuru hutembezwa mahala hapo na kurudi na picha za daraja.

Tuanze na maji yenyewe. Mtu wa pwani atafurahi kujua kwamba Thames, hadi Teddington juu ya mji, ni mto wa kupwa na kujaa. Mara mbili kwa siku bahari huingia mjini na mara mbili hutoka, na wakati wa bamvua tofauti ya maji penye London Bridge hufikia kiasi cha mita 7, ambazo ni nyingi kuliko zetu za Unguja. Maji yakipwa hudhihirika fukwe za matope na changarawe chini ya kuta za mawe, na wenye kibali hushuka kuokota vigae na vipande vya viko vya udongo. Mji uliojengwa kwa mawe na vioo huonekana ghafla kuwa mji wa bandari, wenye miguu majini. Kwa ajili hiyo nashauri safari ianzie juu, Millbank, na ianze maji yakiwa yanapwa, ili boti ishuke pamoja nayo kuelekea baharini, kama walivyoshuka wengi waliopita hapo bila hiari yao.

Nasema bila hiari kwa sababu Tate Britain limesimama mahali palipokuwa gereza. Gereza la Millbank lilifunguliwa mwaka 1816 na kufungwa 1890, na kwa miaka mingi ndilo walimowekwa wafungwa waliokuwa wakingojea meli za kuwapeleka Australia. Ukingoni mwa mto limebaki jiwe moja nene lenye maandishi ya kuwakumbuka. Baada ya gereza kuvunjwa likajengwa jumba la sanaa, likafunguliwa 1897, kwa fedha na picha za Henry Tate, tajiri wa sukari. Hapa hapana budi kuwa waadilifu: Tate alizaliwa mwaka 1819, akaingia katika biashara ya sukari baada ya sheria ya 1833 kuufuta utumwa katika makoloni ya Uingereza, na kumwita mwenye watumwa ni kumsingizia. Lakini biashara aliyoikuta ilijengwa kwa jasho la watumwa, na soko lake halikuanza upya siku ile sheria ilipotiwa saini. Kiwanda chake cha Silvertown, kilichofunguliwa 1878, kingali kikisafisha sukari mpaka leo kando ya mto huohuo, chini zaidi ya Greenwich. Mwenye kutaka kuiona ngazi ya mlango wa Tate Britain ilikotoka, na ashuke na maji.

Ndani ya jumba hilo mwenyeji wa kweli ni Joseph Mallord William Turner. Alizaliwa 1775, mtoto wa kinyozi, si mbali na mto, akafa 1851 katika nyumba ya ukingoni mwa mto, Chelsea, ambako majirani walimdhania kuwa ni amiri mstaafu wa jeshi la majini, naye hakujishughulisha kuwasahihisha. Alichoachia taifa ni michoro ya mafuta kiasi cha 300, na ile ya rangi za maji na ya penseli ipatayo 30,000. Sehemu kubwa ya hazina hiyo iko Tate Britain, katika bawa lililofunguliwa mwaka 1987.

Wageni hukusanyika penye tufani. Sina ugomvi na tufani za Turner, ila naona zinapendwa kwa sababu zinaafikiana na bahari waliyonayo vichwani watu wasioishi nayo, yaani bahari kama kitisho. Mimi nilisimama zaidi penye kazi ndogo ambazo wengi huzipita. Ni michoro ya mto Thames aliyoifanya kiasi cha mwaka 1805, alipokuwa amepanga nyumba Isleworth na kuzunguka na mashua, na baadhi yake imechorwa juu ya vibao vyembamba vya mkangazi. Hizi ni picha za mtu aliyeketi chini, karibu na maji. Kingo za mto ziko mbali na ni nyembamba, mbingu ni kubwa, miti imepakwa kwa haraka ya mtu ajuaye kuwa mashua haitamngoja. Mahali pengine rangi ya ubao wenyewe imeachwa ionekane, ikawa ndiyo udongo na ndiyo matope. Ukitoka kwenye vibao hivyo, ukapanda boti na kukaa ubavuni, jicho lako linakuwa penye kimo kilekile. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini msafara huu ustahili kuitwa usomaji.

Picha yake mashuhuri kuliko zote ya mto huu haiko Tate. Iko National Gallery, katika uwanja wa Trafalgar, na anayeitaka itabidi ashuke gati la Embankment atembee kidogo. Nayo ni ile ya meli ya kivita *Temeraire* ikivutwa kwenda kuvunjwa, aliyoionyesha mwaka 1839, ambayo tangu 2020 imo katika noti ya pauni 20 pamoja na sura ya mchoraji mwenyewe. Meli hiyo ya mizinga 98 ilipigana Trafalgar mwaka 1805. Ilipozeeka iliuzwa, na 1838 ikavutwa kutoka Sheerness, mdomoni mwa mto, hadi Rotherhithe.

Wahakiki wa Kiingereza wamekwisha kuonyesha kwamba mambo hayakuwa kama yalivyochorwa. Meli ilikuwa imeng'olewa milingoti. Turner ameirudishia yote. Ilivutwa na stima mbili. Turner ameacha moja, nyeusi, fupi, yenye moshi mkali. Ilikuwa ikienda magharibi, basi jua la machweo lilipaswa kuwa mbele yake. Pichani jua linazama nyuma. Mtu wa nchi kavu husoma orodha hiyo akaona ni dosari za mtu asiyechunguza. Aliyepita Rotherhithe kwa boti jioni, jua likimpiga usoni, anajua kwamba Turner hakukosea njia, kwani aliujua mto ule tangu utotoni. Aliligeuza jua makusudi. Ni sawa na mshairi anayegeuza mpangilio wa maneno ili neno zito liangukie kwenye kina. Jua likiwa nyuma, meli inatoka katika nuru na kuja gizani, kwetu sisi watazamaji, na stima ile nyeusi ndiyo inayotufikia kwanza. Angeliweka jua mbele, ingekuwa picha ya meli inayokwenda kupumzika.

Hata hivyo naona picha hiyo inapendwa kwa sababu ni maombolezo yasiyomgharimu mtu kitu. Meli ya vita haina shehena. Ina sifa tu. Turner alichora, mwaka mmoja tu baadaye, picha ambamo shehena yenyewe imepanda juu ya maji: meli ya watumwa, na watu waliotupwa baharini, mikono na mguu wenye mnyororo ukionekana kati ya mawimbi. Kisa kinachotajwa nyuma yake ni cha meli *Zong*, ambayo mabaharia wake mwaka 1781 waliwatosa Waafrika zaidi ya 130, na wenye meli wakadai bima kana kwamba ni mali iliyopotea. Picha hiyo haiko ukingoni mwa Thames. Iko Boston, Marekani. Sidai kwamba ilifichwa; iliuzwa kama picha nyingine ziuzwavyo. Nasema tu kwamba mgeni atakayefanya safari hii ya majumba mawili na boti moja atakutana na Turner mwenye meli nyingi, na ile iliyobeba watu hataiona.

Basi tupande chomboni. Boti ni za aina mbili, na tofauti yake ina maana kwa mhakiki. Za abiria za Thames Clippers, zilizoanza 1999, huenda mbio na hazina maneno. Wenyeji huzipanda kwenda kazini. Za matembezi huenda taratibu, na ndani yake mna msimulizi. Nilizipanda zote mbili. Msimulizi wa boti yetu ya matembezi, barobaro mwenye sauti ya kupendeza, alianza kwa kutuambia kuwa yeye si mwongozaji wa watalii bali ni baharia tu, akamaliza kwa kupitisha kofia. Mwenye kuzijua sanaa za masimulizi hatashangaa: kuna kujishusha mwanzoni, kuna kuomba tuzo mwishoni, na katikati kuna mizaha yenye mapigo yaliyokwisha kukomaa kwa kurudiwa mara nyingi kwa siku. Namkubali kama fanani. Alijua wakati wa kunyamaza ili daraja lipite juu yetu, na alijua kwamba kicheko huja vizuri zaidi mara tu kivuli kinapoondoka.

Lakini maudhui yake yalikuwa kuta. Jengo hili lilijengwa mwaka fulani, lile liliuzwa kwa pauni kadha wa kadha, pale anaishi mtu mashuhuri. Penye Sindano ya Cleopatra, ule mnara wa jiwe jekundu uliochongwa Misri zamani za Farao Thutmose III, alitaja umri wake akapita. Hakusema kwamba jiwe hilo lililetwa ndani ya chombo cha chuma chenye umbo la bomba, kikapinduka katika Ghuba ya Biscay mwaka 1877, na kwamba mabaharia sita waliokwenda kuokoa walikufa maji. Majina yao yameandikwa chini ya mnara wenyewe. Baharia kupita penye majina ya mabaharia bila kuyataja kulinihuzunisha kuliko mengine yote aliyoyaacha.

Tate Modern linaonekana kwa mbali kwa bomba lake la moshi, kwa sababu lilikuwa kituo cha umeme. Kilizimwa 1981, na jengo likafunguliwa kuwa jumba la sanaa mwezi Mei 2000. Mafuta yake yaliletwa kwa mto. Ukumbi wake mkubwa, mlimokuwa na mitambo, una urefu wa mita 152 na kimo cha mita 35, na si kila msanii aliyekaribishwa humo aliyeumudu. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi zake nyingi Nsukka, Nigeria, aliumudu. Kati ya Oktoba 2023 na Aprili 2024 alitundika humo mapazia makubwa aliyoyashona kwa vizibo vya chupa za pombe na nyaya za shaba, la kwanza likiwa limefura kama tanga lililoshika upepo. Pombe ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizovuka bahari kwenda Afrika katika biashara iliyowabeba watu kwenda Amerika, na sukari ikarudi huku, katika mto huu. Kwa mara moja chombo na shehena vikawa kitu kimoja: tanga limeshonwa kwa mzigo. Nimeona wahakiki wakisifu ung'aavu wake. Ung'aavu ni kweli upo, lakini mtu aliyewahi kushona tanga atavutiwa zaidi na kwamba kila kizibo kilipigwa, kikatobolewa na kufungwa kwa mkono.

Na sasa nafikia kwa Lubaina Himid, ambaye ndiye hasa aliyenifanya niandike. Alizaliwa Unguja mwaka 1954, akachukuliwa Uingereza angali mtoto mchanga baada ya kufiwa na baba yake, akakulia London kwa mama aliyekuwa mbunifu wa nakshi za vitambaa. Mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kuanzia Novemba 2021 hadi Julai 2022 Tate Modern lilimfanyia onyesho kubwa, na baadaye akachaguliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice ya 2026. Kwetu kuna tabia ya kumwita binti wa Unguja kisha kunyamaza, kana kwamba kuzaliwa ndiyo kazi aliyoifanya. Kazi zake ndizo tuzisome.

Picha yake ya mwaka 1991, iliyomo katika hazina ya Tate, inaonyesha wanawake wawili weusi wameketi ndani ya mashua, nguo zao za rangi kali, bahari imewazunguka. Baina yao pana rundo la ramani, nao wanazichana na kuzitupa majini. Jina lake ni "Between the Two my Heart is Balanced". Picha hiyo inajibizana na nyingine, ya James Tissot, Mfaransa aliyeishi London kutoka 1871 hadi 1882, ambayo pia ni ya Tate: askari wa Uskochi kaketi mashuani baina ya wanawake wawili, kamgeukia mmoja na kumpa kisogo wa pili. Tissot alikitolea kisa hicho mchoro wa chapa mwaka 1877, akauita kwa Kifaransa "Entre les deux mon cœur balance".

Hapa mfasiri hana budi kusimama. Kitenzi cha Kifaransa katika jina hilo maana yake ni kuyumba, kusitasita, kama mizani isiyotulia: moyo wangu wayumba baina ya wawili. Kiingereza cha Himid kimechukua neno lenye sura ileile likaleta maana iliyo kinyume, moyo uliosawazika, uliokaa sawa. Mwenye haraka atasema ni tafsiri ya neno kwa neno. Mimi naona ni uhakiki uliofanywa kwa neno moja. Mwanamume ametolewa mashuani, na kuyumba kumeondoka pamoja naye.

Kiswahili, kwa bahati njema, kinaweza kulifuata jambo hilo mbali zaidi ya lugha zote mbili. Sisi husema moyo wayumba na husema chombo chayumba, kwa kitenzi kimoja. Tena nahodha akishapakia vizuri husema chombo kimekaa sawa, na kukaa sawa huko hutokana na shehena iliyopangwa katikati. Katika mashua ya Tissot katikati kaketi askari. Katika mashua ya Himid mahali pake pamewekwa ramani, yaani mali ya askari, njia yake na madai yake juu ya nchi za watu. Wanawake wanazipunguza, na chombo, kinyume na kanuni ya mabaharia, kinazidi kukaa sawa kwa kadiri uzito wa katikati unavyopungua. Na tendo lao tunalo neno lake: wanatosa. Kutosa ni kutupa mzigo baharini ili chombo kisalimike. Ndilo tendo walilolitenda mabaharia wa *Zong*, na ndilo walilojitetea nalo mahakamani, kwamba walitosa ili wengine wapone. Himid amelichukua tendo lile la 1781, akawapa wanawake weusi walitende, na kinachotoswa safari hii ni karatasi za wenye meli. Ikiwa itabidi picha hii ipewe jina la Kiswahili, napendekeza "Baina ya Wawili Moyo Umekaa Sawa".

Kazi yake nyingine, ya mwaka 2019, ni mbao ndefu zilizoegemezwa ukutani, zikiwa zimechorwa simbi, fedha ya zamani iliyonunua watu. Hazikuunganishwa kuwa chombo. Zimesimama kama mbao zinazongoja fundi, au zilizobaki baada ya chombo kuvunjwa. Nilikumbuka vibao vya Turner vya mwaka 1805, na sidhani kama ningevikumbuka bila kuwa nimefika kwa maji.

Penye kanga namwekea neno la kumlaumu, kwa adabu. Himid ameutumia mara nyingi mpangilio wa kanga, pindo, mji na jina, na anaujua uzito wa lile jina lililo chini. Lakini majina yake ni ya Kiingereza. Mkazi wa Preston, ambako anaishi, atauliza kwa nini yawe vingine, naye ana haki ya kuuliza. Ila jina la kanga kwetu huenda mbali zaidi ya maneno yanayosomeka. Ni fumbo linalotumwa kwa mtu fulani, ambaye peke yake ndiye atakayejua kuwa ndiye aliyeambiwa, na wengine wakaona nguo tu. Maneno yake ukutani yananena na kila aingiaye, kwa hiyo hayamsemi mtu. Nguo imebaki, mafumbo yametoswa. Huenda hilo ndilo alilokusudia, maana mtoto aliyechukuliwa kabla ya kunena hakuondoka na lugha. Lakini mhakiki wa pwani akinyamaza juu ya hilo, nani mwingine atakayelisema?

Wengi humaliza Bankside. Nasihi msomaji asimalize hapo, arudi gatini aendelee hadi Greenwich, kwani sehemu iliyobaki ndiyo iliyo yetu zaidi. Mara baada ya Tower Bridge, upande wa kushoto, kuna bandari ndogo ya St Katharine, leo imejaa mashua za matajiri, na ndani yake lingali jengo liitwalo Ivory House, ghala la pembe la karne ya 19. Katika karne hiyo Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe katika Afrika ya Mashariki, na London ilikuwa miongoni mwa bandari zilizozinunua. Pembe zile zilishushwa pwani mabegani mwa watu. Msimulizi wetu penye bandari hiyo alizungumzia bei za fleti. Kisha huja Rotherhithe, ambako *Temeraire* ilivunjwa, kisha mahali palipofunguliwa bandari ya West India mwaka 1802 kwa ajili ya sukari ya visiwa vya watumwa. Leo pamesimama minara ya benki. Humo katika ghala moja la sukari lililobaki mna makumbusho yaliyotenga vyumba maalumu kwa habari hizo tangu mwaka 2007, na mwenye siku mbili asiache kushuka.

Greenwich penyewe, juu ya mnara wa kituo cha nyota, tangu 1833 mpira mkubwa huangushwa kila siku saa saba mchana ili mabaharia waliopo mtoni warekebishe saa zao. Chini, katika makumbusho ya bahari, uko mchoro mkubwa kabisa wa Turner, wa vita vya Trafalgar, alioufanya kwa amri ya mfalme baina ya 1822 na 1824. Mabaharia waliokuwapo vitani waliulalamikia kwamba kamba na bendera haziko kama zilivyokuwa. Mimi natazama sehemu ya chini ya turubai, penye watu majini. Baada ya meli zote za siku nzima, hapa kuna watu, na wako nje ya chombo.

Katika makumbusho hayo niliifikiria meli moja ambayo Turner hakuichora. Iliteremshwa majini mwaka 1840, mwaka uleule alioionyesha picha yake ya watu waliotoswa, na jina lake lilikuwa *London*. Ni meli ya mbao ya jamii moja na *Temeraire*. Baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa, Waingereza waliileta Unguja, na kuanzia 1874 ikatia nanga mbele ya Mji Mkongwe kuwa kituo cha mashua zao zilizowinda majahazi ya watumwa. Nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba Desemba 1881 alipokaribia jahazi moja kulikagua. Mwaka 1884 meli *London* iliuzwa na kuvunjwa hukohuko kwetu.

Tukio la Pemba limeandikwa na Waingereza kwa upande wa nahodha wao. Mshairi wetu atakayelishika namshauri aache shairi la tarbia, ambalo lingempa nafasi ya kusifu na kulaani tu, achukue utenzi, kwa kuwa una pumzi ya kumfikisha kutoka jahazini hadi mashuani na kurudi. Nahodha asiwe wa kwanza kusema, wala wenye jahazi. Ubeti wa kwanza ningependa uanzie ngamani, kwa watu waliosikia milio ya bunduki juu ya vichwa vyao na wasijue ni ya nani.